Mtumbwi wa Bwawa la Tatu

Kisumu,
Jumatatu, 2 Machi 1992

Shemeji Dorca, Nyar Alego,

Mtumbwi wa Zadock umepatikana. Aliyesema hivyo ni Bwana Walubengo, mkuu wa hifadhi ya Kadundo, leo saa tatu asubuhi, akiwa amesimama kwenye tope la bwawa la tatu mbele yangu na mbele ya askari wake wawili. Namba iliyochongwa ubavuni bado inasomeka. Ni ule mtumbwi wa hifadhi aliotoka nao ndugu yangu asubuhi ile ya Mei 1986.

Nakuandikia leo ili usilisikie jambo hili kwanza kwa mfanyabiashara wa Kibuye aliyekuja Kitale kununua maharagwe.

Kiangazi kimeyakausha mabwawa kuliko ninavyokumbuka. La kwanza, lile la karibu na lango ambako watoto wa shule huletwa kutazama kobe, limebaki udongo uliopasuka. La pili lina maji ya kufika kifundo cha mguu, na ndege wote wa Kadundo wamehamia humo. Yangeyange, korongo na mnandi wamebanana kama watu kwenye foleni ya sukari. La tatu ndilo lililokuwa limezibwa na mafunjo. Unajua mafunjo huelea, na maji yakishuka nayo hushuka. Mwaka huu yameshuka mpaka yakaketi juu ya tope na kulala ubavu. Ndipo pua ya mtumbwi ikaonekana.

Mwaka ule tulitafuta ziwani kwa sababu kofia yake ya kazi iliokotwa ziwani. Hakuna aliyewaza kutafuta nyuma, ndani ya hifadhi aliyokuwa akiilinda. Mafuriko yalikuwa yamefungua mfereji kati ya bwawa na ziwa, na kofia ingeweza kupita. Hilo hatukulifikiria.

Mbali na mtumbwi hakuna kingine kilichopatikana. Nimemweleza mama yetu, Mama Selpha. Nilimkuta akifagia lile kaburi tulimozika tunda la yago, lile la mwegea, badala ya mwili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mtumbwi ni wa serikali. Warudishieni." Akaendelea kufagia.

Ni mimi shemeji yako,
Walter Ogola


Kitale,
Jumamosi, 7 Machi 1992

Shemeji Walter,

Barua yako imefika jana. Niliisomea zahanati, katikati ya mama mmoja mwenye mtoto wa surua na mzee aliyejikata kwa jembe. Nikaiweka mfukoni, nikamaliza kazi, nikaisoma tena nyumbani.

Umeniambia kuhusu korongo na foleni ya sukari. Umeniambia maneno ya Mama. Wewe ni mwandishi wa gazeti tangu mimi nikiwa msichana, na sijawahi kukuona ukiandika ajali bila kusema gari lilikuwa limeangalia wapi. Basi nakuuliza. Mtumbwi ulikuwa umepinduka au umekaa sawa? Kasia lilikuwa wapi? Ulikuwa umefungwa au ulikuwa huru?

Hayo tu. Sina haja ya kupozwa.

Jambo jingine. Mchungaji wa hapa anataka barua kutoka kwa kanisa letu la huko, ieleze hali yangu. Ni mambo ya kuhamisha ushirika. Ukipita kanisani naomba uniombee hiyo barua, maana nikituma kwa posta itakaa mezani kwao hadi Krismasi.

Hapa mvua bado. Watu wameshalima na wanatazama mawingu.

Dorca Aoko


Kisumu,
Jumatano, 11 Machi 1992

Shemeji Dorca,

Mtumbwi ulikuwa umekaa sawa, haukupinduka. Kasia lilikuwa ndani, limelazwa chini ya kibao cha kukalia. Mbao za chini zimeoza, za ubavuni ni nzima.

Nimerudi Kadundo jana. Maji ya bwawa la pili yamepungua tena na tope lake linanuka hadi barabarani. Viboko wameondoka, wako upande wa ziwa ambako bado kuna kina. Lile gugu jipya la maua ya zambarau limeanza kuonekana mdomoni mwa mfereji, kidogo tu, na watalii wanalipiga picha. Walubengo anahesabu kwamba mvua itaanza kabla ya mwisho wa mwezi. Ikianza, mafunjo yatanyanyuka na bwawa la tatu litajifunga tena. Kinachotafutwa kitafutwe sasa.

Anafikiria kuwaruhusu wanawake wa mikeka waingie ndani ya ua kukata mafunjo. Kila mwaka huu ndio wakati wao wa kukata, lakini nje ya ua. Jentrix, kiongozi wao, amekubali kwa sharti moja, kwamba watakachokata ni chao.

Barua ya kanisa nimekuombea. Mchungaji aliniuliza swali moja juu yako. Nikamwambia akuulize wewe mwenyewe.

Shemeji yako,
Walter Ogola


Hifadhi ya Kadundo,
Alhamisi, 12 Machi 1992

Kwa Mama Dorca Aoko,

Salamu katika jina la Bwana. Hatujaonana. Mimi ni Walubengo, mtu wa Bungoma, mkuu wa hifadhi hii kwa mwaka wa tatu sasa. Sikubahatika kufanya kazi na mume wako, lakini askari wa zamani wanamsifu kwamba hakuacha mtego hata mmoja nyuma yake. Bwana Ogola amenipa anwani yako ya zahanati.

Nisamehe kwa kuwa sijui kama niandike marehemu au niandike ndugu yetu. Tangu tuuone mtumbwi, sina hakika. Jinsi ulivyofungwa kwenye shina la mti wa majini, kwa mafundo mawili yaliyokazwa vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka, imetufanya sote hapa kujiuliza. Bwana Ogola bila shaka amekueleza yote, kwa hiyo sirudii.

Kabla wanawake hawajaanza kukata, ninaomba unisaidie kwa unayoyakumbuka. Siku ile alivaa viatu gani? Alikuwa na saa, pete, au kitu cha chuma mfukoni? Je, aliwahi kuvunjika mfupa? Ninajua haya si maswali ya kumwandikia mama wa watu. Lakini polisi watayauliza, na ni afadhali uulizwe na mtu aliyeanza kwa salamu.

Tutaanza kukata Ijumaa tarehe 20.

Wako katika kazi,
P. Walubengo


Kitale,
Jumatatu, 16 Machi 1992

Walter,

Mgeni ameniambia lile ambalo wewe hukuniambia. Nilikuuliza mambo matatu ukajibu mawili. Ulidhani sitahesabu?

Bwana Walubengo nimemjibu. Gambuti nyeusi, ya kushoto ikiwa na kiraka cha baiskeli. Koleo la kazi. Mkono wa kushoto ulivunjika alipoanguka kwenye mpera akiwa shuleni, na wewe ulikuwapo, ulimwona akianguka.

Sasa nisikilize. Usiku wa kuamkia siku ile Zadock aliniambia amechoka na hifadhi, anataka kuacha kazi aende Sirari mpakani akauze nguo za mitumba. Nikamwambia mimi siendi kuishi mpakani. Hatukupigana. Alilala akitazama ukuta, na asubuhi akaondoka bila kunywa uji wake. Ulipoa mezani na utando juu.

Mwezi uliofuata Mama akaota ndoto. Zadock amesimama mlangoni, nguo zinachuruzika, anauliza kwa nini hana mahali pa kulala. Mkazika yago. Nikanyolewa. Wazee wakasema wewe unirithi, ukakataa kwa sababu ya kanisa na kwa sababu ya mke wako, wakaridhika kulitundika koti lako nyumbani kwangu ili ihesabiwe kuwa nyumba ina mtu. Nilikushukuru, na bado nakushukuru. Kisha mwanamke mmoja wa Kibuye akasema amemwona Zadock Sirari, amenenepa, anapima suruali kwa wateja.

Nilikwenda Sirari, Walter. Nilikwenda mara mbili. Sikumwambia Mama, sikukwambia wewe. Nilitembea kila kibanda cha mitumba nikitazama migongo ya wanaume.

Na barua ya kanisa si ya ushirika. Naolewa. Anaitwa Wakhisi, ni seremala hapa Kitale, mkewe alifariki na ana watoto wawili ambao wananiita Mama bila kuambiwa. Ndoa ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, tarehe 25 Aprili.

Mtu anayezama hafungi mtumbwi. Anayefunga mtumbwi kwa mafundo mawili anashuka na kwenda zake. Niambie basi, kwa kuwa uko karibu na hilo tope kuliko mimi. Mimi ni mjane, au ni mke aliyeachwa? Siwezi kusimama mbele ya mchungaji bila kujua.

Dorca


Kisumu,
Alhamisi, 19 Machi 1992

Shemeji Dorca,

Umenikasirikia kwa haki. Nilificha fundo.

Sababu ni hii. Fundo la kamba ni habari. Maana yake haiwi habari mpaka ithibitishwe, na nilijua ungeisoma maana kabla ya fundo lenyewe. Sirari niliisikia pia. Sikujua kwamba ulikwenda.

Kuhusu ndoa nilijua tangu tarehe 10, mchungaji alipouliza kama wewe ni mjane kweli. Nilingoja uniambie mwenyewe. Kwa hiyo tumefichana wote wawili, na barua zetu zimekuwa na adabu nyingi kuliko ukweli. Tuache hapo.

Swali lako sina jibu lake leo. Bwawa la tatu limekauka isipokuwa kidimbwi cha katikati. Kutoka kwenye ule mti wa majini hadi nchi kavu upande wa mashariki ni tope jembamba, mtu angeweza kupita hata mwaka ule, kwa shida. Upande wa magharibi ni mafunjo matupu. Ukitaka kujua ninachofikiri, ninafikiri upande wa mashariki. Nimekuandikia ili usiseme nimeficha tena.

Wanaanza kesho. Nitakuwepo.

Walter Ogola


Kisumu,
Jumatatu, 23 Machi 1992

Shemeji Dorca,

Zadock amepatikana. Daktari wa hospitali amethibitisha leo adhuhuri kwamba mifupa ni ya mwanamume mzima, na kwamba mkono wa kushoto uliwahi kuvunjika na kuunga vibaya kidogo, juu ya kiwiko. Nilikuwa chini ya ule mpera. Ni pale pale.

Nakueleza ilivyokuwa.

Ijumaa wanawake walikata upande wa mashariki siku nzima bila kupata kitu. Hukata kama ujuavyo, kila mmoja na mstari wake, mundu chini kabisa, mabua yanalazwa nyuma na kufungwa mizigo. Polisi walituletea konstebo mmoja kijana, akaketi kwenye ukingo juu ya leso yake. Jentrix hakumpa raha.

"Afande, shika mundu. Au serikali iliwanunulia bunduki tu?"

"Mama, mimi niko kazini."

"Hata sisi. Tofauti ni kwamba sisi tunatoka jasho."

Jumamosi tukahamia magharibi. Kwenye tope chini ya mafunjo wakaanza kutoa kamongo, wale samaki wa tope, wamejikunja kila mmoja ndani ya shimo lake, wamelala wakingoja mvua. Konstebo akasimama kwa mara ya kwanza, akauliza kama anaweza kupata wawili.

"Mwache alale," Jentrix akamwambia. "Mvua ikija ataamka akushtaki."

"Kamongo hajui kushtaki."

"Basi atakuwa shahidi."

Wote wakacheka, na konstebo akapewa wawili ndani ya gunia. Walikuwa bado hawajanyamaza vizuri Jentrix alipoweka mundu chini. Hakupiga kelele. Alisema, "Walter, njoo wewe. Afande akae kwanza." Wanawake wengine wakarudi nyuma bila kuambiwa.

Alikuwa ameona gambuti. Ilikuwa ya kushoto, na kiraka cha baiskeli bado kimeshika. Ni hatua chache kutoka mahali mtumbwi ulipofungwa, kwa upande ambao sikuudhania.

Tulichukua muda kutoa vingine. Chini ya mizizi kulikuwa na mtego wa waya, ule wa nyuzi tatu zilizosokotwa, umefungwa kwenye rundo la mizizi. Ndani ya kitanzi kulikuwa na fuvu la nzohe dume, yule paa wa majini, pembe zote mbili nzima. Koleo lilikuwa limeuma waya, na kutu imevishikamanisha hata Walubengo hakuweza kuvitenganisha. Nyuzi mbili zimekatwa. Wa tatu haujakatwa.

Maelezo ya Walubengo, ambayo polisi wameyaandika na daktari hana la kuyapinga, ni haya. Zadock alimwona mnyama amenaswa, akafunga mtumbwi, akaweka kasia ndani, akapanda juu ya mafunjo yanayoelea. Mwaka ule chini yake maji yalizidi kimo cha mtu. Mafunjo yaliyobeba nzohe hayakubeba nzohe na mtu pamoja. Yakifunguka chini yako hujifunga juu yako, na kutoka ndani huwezi kujua juu ni wapi.

Kwa hiyo nililoandika tarehe 19 juu ya upande wa mashariki lilikuwa kosa. Na jibu la swali lako ni mjane, tangu Mei 1986. Alifunga mtumbwi kwa sababu alikusudia kurudi mtumbwini.

Mama aliletwa jioni. Hakulia. Alishika ile gambuti, akaitazama ndani, akauliza, "Mwenzake iko wapi?" Tukalirudia tope mpaka tukaipata.

Sasa kuna jambo la nyumbani. Kaburi lina yago. Mzee Dishon, baba yetu mdogo, anasema hajaona wala kusikia mtu aliyezikwa kwa tunda halafu akapatikana. Mtu hawezi kuwa na makaburi mawili, na kaburi lililofungwa halifunguliwi bila sababu. Wazee watakaa Jumapili. Na wewe pia umo kwenye mazungumzo. Wengine wanasema mazishi mapya yana mjane mpya.

Walter Ogola


Kitale,
Ijumaa, 27 Machi 1992

Shemeji Walter,

Nimesoma barua yako mara moja. Sikuhitaji ya pili.

Miaka yote hii ule uji umekuwa mezani kwangu. Nilipofika kwenye mstari wa mtumbwi na kurudi, nilikwenda nikachemsha mwingine, nikaunywa. Zahanati walinitafuta.

Wakhisi alikuwepo. Nilimpa ule mstari mmoja ausome. Akatoka nje, akaanza kupiga randa ubao ambao haukuwa na kazi yoyote. Baadaye akarudi akaniuliza urefu. Anataka kutengeneza sanduku, la mvule. Nikamwambia sijui kama ni mahali pake. Akasema, "Mimi sijui mila zenu, lakini mbao nazijua. Mtu aliyefia kazini asizikwe kwenye mbao za makreti." Uamue wewe. Kama wazee wataona ni dharau, waambie sanduku limenunuliwa.

Kuna lori la mahindi linaloshuka Kisumu kila wiki ya pili. Tunaweza kuja nalo.

Nitakuja kumzika Zadock. Nitasimama mahali mke anaposimama, na sitajificha. Lakini sitanyolewa tena, na sitakaa mwaka kwenye ile nyumba nikingoja watu waridhike. Koti lako liko ukutani humo. Kama wazee watasema bado nina mtu kwa sababu ya koti, niambie kabla sijapanda lori. Ni afadhali nikae huku nilie huku kuliko nije nizuiliwe.

Mama anasema nini juu yangu? Usiniandikie maneno matamu. Niandikie aliyosema.

Dorca


Kisumu,
Jumanne, 31 Machi 1992

Shemeji Dorca,

Wazee waliketi Jumapili alasiri, nyumbani, chini ya paa la mabati kwa sababu mawingu yalikuwa meusi. Nakupa kama ilivyosemwa.

Mzee Dishon alifungua. Alisema yago lilizikwa kwa heshima zote, ng'ombe alichinjwa, watu walilia. "Yale yalikuwa maziko. Tukimzika tena, tunasema tulicheza." Akapendekeza mifupa izikwe kimya pembeni. Mwingine akasema pembeni huzikwa mgeni. Mwingine akasema Nyar Alego, yaani wewe, arudi kwanza, kila kitu kianze upya, pamoja na kunyoa. Ilikwenda hivyo hadi chai ikapoa.

Mama alikuwa ameketi nje ya mlango akimenya njugu. Hakuwa ameitwa. Aliingia na sinia lake.

"Lile tunda lilikuwa linamshikia nafasi," akasema. "Mwenye nafasi amekuja. Litoke, aingie."

Mzee Dishon akamwuliza litapelekwa wapi. Mama akasema, "Lilitoka mtini. Lirudi chini ya mti." Kisha wakarudi kwako. Mzee Dishon akasema suala la mjane bado.

"Alinyolewa mwaka ule," Mama akasema. "Nilishika wembe mwenyewe. Inatosha."

"Na nyumba yake? Ina koti la Walter."

Hapo Mama akanigeukia mimi, si yeye. "Na hilo koti lako ukutani, Walter, linamshikia nani nafasi?"

Nilinyanyuka, nikaenda nyumbani kwako, nikalitoa msumarini mbele ya wazee. Panya alikuwa amezaa kwenye mfuko wa ndani. Mzee Dishon akacheka hadi akakohoa, akasema basi nyumba ilikuwa na mtu kweli. Kikao kikaisha hivyo. Hakuna atakayekuzuia.

Uliuliza Mama anasema nini juu yako. Usiku wa Jumapili nilimwambia habari za Wakhisi, zote. Akauliza kama ana mama. Nikasema sijui. Akasema, "Uliza. Kama hana, aje anisalimu mimi kwanza." Hayo ndiyo maneno yake, sikuyaongeza sukari.

Sanduku nimelikubali, na wazee wanajua ni nani anayelitengeneza. Mifupa ingetosha kwenye sanduku dogo, na hospitali ilipendekeza hivyo. Mama amekataa, anataka la mtu mzima. Mpe Wakhisi urefu wangu. Ninapita chini ya mlango wa ofisi ya posta ya Kitale bila kuinama, utosi ukinusurika kidogo tu, mpeleke akapime. Kisha apunguze upana wa vidole vinne. Zadock alikuwa mfupi kwangu hivyo, na hakupenda kuambiwa. Gambuti zake zote mbili zitawekwa ndani, kwa hiyo aache nafasi ya miguuni.

Mvua imeanza jana saa kumi jioni. Asubuhi ya leo nilipita Kadundo. Bwawa la kwanza linakusanya maji kwenye nyufa. La pili limewapoteza ndege nusu, wametawanyika. Kwenye bwawa la tatu mafunjo yaliyosalia yameanza kunyanyuka, na mahali tulipokata kuna maji wazi kama uwanja. Walubengo ameagiza pasikatwe tena hadi mwakani, na ameniahidi pembe za nzohe hazitapelekwa jumba la makumbusho, zitabaki ofisini kwake. Ule mtumbwi amesema ni wa serikali, lakini hajui wa kumwandikia.

Mazishi ni Jumamosi, 11 Aprili, saa nne asubuhi. Yago litatolewa Ijumaa jioni, wanaume wa nyumbani tu. Mwambie dereva wa lori asipite njia ya bondeni, itakuwa tope. Apite juu, kwa shule, na afike kabla ya saa mbili. Nitakuwa nimesimama langoni.

Walter Ogola